Simu Ilipoukataa Uso Wangu

Nakiri sasa nilichokikana mbele ya kundi zima la wastaafu mtandaoni: simu iliukataa uso wangu kwenye uhakiki wa pensheni. Mwanzoni nilisingizia mtandao, baadaye taa ya sebuleni. Kundini, ambako mimi ndiye mjuzi anayeulizwa na kila mtu, niliandika: "Nimeshapita. Ni rahisi mno."

Aibu yenyewe ni kwamba uhakiki huo ndio uliokuwa kazi yangu. Siku ya kwanza, digrii yangu ikiwa bado inanukia wino, Mkuu wa Kanda alinichukua kwa treni hadi Igalula kufanya uhakiki, yaani kuthibitisha kwamba mstaafu anayepokea pensheni bado yu hai. Mzee wa kwanza alipokaa, nikafungua faili na kuanza kumsomea tarehe zake. Mkuu akalifunga.

"Binti, faili halifi. Umemwamkia?"

"Bado, mkuu."

"Mwamkie. Halafu muulize habari za mvua. Mtu aliyeletwa kuigiza marehemu hajui kuilalamikia mvua ya hapa."

Hivyo ndivyo nilivyofanya kazi, Igalula na baadaye ofisi ya mjini, Kanyenye. Nje ya mlango wetu palikuwa na benchi. Uhakiki ulikuwa wa dakika chache tu, lakini Bi Zuhura, muuguzi mstaafu, alikuja asubuhi na birika lake la kahawa na kuondoka adhuhuri.

"Bi Zuhura, si tumeshamaliza?" nilimuuliza.

"Umemaliza wewe, mwanangu. Mimi huko nyumbani nani ataniuliza habari za mvua?"

Nikacheka. Nilidhani anatania.

Kisha kazi ikahamia kwenye simu. Alikuja Meneja mpya, aliyetutumia maagizo kwenye kundi la ofisi mtandaoni na kutupongeza kwa picha ya kidole gumba, hata tukiwa chumba kimoja. Wastaafu wakaanza kujipiga picha makwao. Benchi likapelekwa stoo. Nilipostaafu kwa hiari, niliagwa kundini kwa picha za maua na keki isiyolika. Kesho yake nikaona nimeondolewa kwenye kundi la ofisi. Ni utaratibu, walisema, na kweli ni utaratibu. Niliuandika mimi.

Sasa nakaa Cheyo peke yangu, wanangu wako Dar. Simu inaniamuru: "Tabasamu. Pepesa macho. Geuka kushoto." Natii, nikikitabasamia kioo kama mwanamke aliyeposwa, nayo inajibu kwamba sitambuliki. Mwezi ukiisha sijahakikiwa, pensheni inasimama. Ofisini si mbali. Lakini niende nikawaambie nini, mimi niliyewahakiki wengine?

Siku moja Mzee Masanja, fundi wa reli mstaafu, akaniuliza kundini: "Mtaalamu wetu, mimi imenikataa. Nifanyeje?"

"Kaa karibu na dirisha, mzee wangu."

"Nimekaa dirishani mpaka wapita njia wananipa pole. Kwani wewe ulifanyaje?"

Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena: "Nilidanganya. Hata mimi imenikataa."

Kundi likajaa vicheko. "Karibu makaburini, Ofisa!" akaandika Masanja. Halafu akaongeza: "Lakini nenda ofisini, dada yangu. Usikatiwe pensheni kwa sababu ya kuona haya."

Sikwenda. Mwezi ukazidi kuyoyoma. Mchana mmoja simu ikalia, namba nisiyoijua.

"Shikamoo, mama. Napiga kutoka ofisi ya pensheni, Kanyenye. Wanaokataliwa na mfumo tunawapigia wenyewe."

"Marahaba, mwanangu."

Sauti ilitoka ikikwaruza. Ndilo lilikuwa neno langu la kwanza siku hiyo. Kijana akaniuliza jina, kituo changu cha mwisho cha kazi, na jina la mkuu wangu wa kwanza. Nikajibu yote.

"Basi, mama, nimekuthibitisha. Uko hai. Pensheni yako inaendelea."

Hapo ndipo mtu mwenye shughuli zake hukata simu.

"Subiri kidogo," nikasema. "Huko Kanyenye mvua imenyesha?"

Akacheka. "Mama, si uko hapo Cheyo, jirani tu na sisi?"

"Wewe nijibu tu," nikasema, nikavuta kiti.