Kitufe cha Kufunga Kura

Msoma miswada wa Bunge la jimbo letu, mama mmoja, hupitia vifungu kwa kasi ya dalali wa mnada wa ng'ombe, mikono yake ikiwa imetulia mezani. Mara moja tu nilimwona akisoma polepole: muswada wa kukarabati daraja bovu ambalo basi la shule la mjukuu wake hulivuka kila asubuhi. Mbunge Haugen, mtetezi wa muswada huo, alikuwa bado njiani.

“Mama, leo umemeza gundi?” mbunge mmoja alimtania.

Alipomaliza, kura zikapigwa, zikalingana; kwetu, kura zikilingana muswada huanguka. “Funga kura,” Spika akaamuru. Kidole cha mama, ambaye ndiye hufunga kura, kikaganda juu ya kitufe. “Mama, nimesema funga!” Akabonyeza. Papo hapo Haugen akaingia akihema. Mama akatangaza matokeo kwa kasi yake ya kawaida, mkono wa kushoto ukiukamata wa kulia uliobonyeza kitufe.