Alimteremsha au Alimwangusha

Siku ya kwanza niliingia mahakamani na buibui jipya. Kazi yangu ilikuwa ukalimani: kulipokea neno kwa lugha moja na kulitoa kwa nyingine papo hapo. Niliketishwa karibu na mkalimani mkuu, mzee wa Kibokoni tuliyemwita Maalim, nimtazame tu. Shahidi mmoja alipomaliza, hakimu akamwambia kwa Kiingereza "stand down", yaani ashuke kizimbani. Yule shahidi, mwenye Kiingereza cha kuokoteza, akasikia "simama" na "chini" tu, akabaki amesimama wima, macho kayainamisha sakafuni. Watu wakacheka. Maalim hakucheka. Wakati wa chai aliniambia nikiogope kijineno hicho, "down", kuliko maneno marefu ya sheria.

Chini, au kuelekea chini: ndiyo maana yake ya kwanza. Lakini likifuatana na kitenzi hugeuka. "Write down" ni kuandika, wala hakuna kinachoshuka. "Break down" kwa gari ni kuharibika, kwa shahidi ni kushindwa kujizuia akalia. Miaka yangu ya mwisho kazini, mtandao ulipokatika tukiwa twasikiliza mahabusu kwa video, karani alikuwa akisema uko "down", nasi tukiketi kungoja.

Baadaye nilihamishiwa kesi za mabaharia, upande wa Mbaraki. Mwenyekiti wa baraza lililosikiliza kesi hizo, nahodha mstaafu, alisema meli ilikuwa "down by the head". Nilimweleza baharia kwamba omo, sehemu ya mbele, ilikuwa imezama zaidi kuliko tezi, sehemu ya nyuma. Kisha nikarudishwa mahakama yangu ya kwanza, chini ya hakimu mkaazi, mama wa maneno machache asiyependa kukatizwa. Hapo ndipo ilipokuja kesi ya Katana.

Katana alikuwa fundi wa lipu kutoka Kaloleni. Alikuwa akikarabati nyumba ya Mzee Athmani, Mji wa Kale, na asubuhi moja majirani waliwasikia wakigombana ghorofani juu ya ukuta ambao mzee hakutaka ubomolewe. Muda mfupi baadaye mzee akakutwa kitako chini ya ngazi, ameumia kichwa, ulimi hausemi. Katana akashtakiwa kwa kumjeruhi. Bintiye mzee, Bi Zuhura, alihudhuria kila kikao. Nilimjua; twanunua samaki kwa muuzaji mmoja Makadara.

Aliyeona alikuwa mgeni kutoka ng'ambo, aliyepanga nyumba ya mkabala. Kupitia dirisha, alisema, alimwona fundi: "He brought the old man down."

Kiingereza hicho chaweza kuwa alimteremsha, kwa kumshika, na chaweza kuwa alimwangusha. Katana alikuwa akinitazama mdomoni. Chochote ambacho ningesema ndicho ambacho angejibu.

Nikasimama nikamwomba hakimu shahidi aeleze zaidi.

"Mkalimani, kazi yako ni kutafsiri," alisema.

"Naam, Mheshimiwa. Lakini maneno yake yana maana mbili, na kwa Kiswahili lazima nichague moja. Sina ruhusa ya kumchagulia."

Hakimu akamgeukia shahidi, akamwuliza yeye mwenyewe. Mgeni alishangaa kuulizwa. Akaonyesha kwa mikono: fundi alimshika mzee kwapani, akawa amtoa juu pole pole, kipandio kwa kipandio. Mzee alikuwa tayari anavuja damu.

"Alimteremsha," nilimwambia Katana. Akakaa kitako, akafunika uso.

Lakini Bi Zuhura aliona nimemtia shahidi maneno kinywani. Alipeleka malalamiko kwa msajili, mkuu wa shughuli za mahakama, nami nikaambiwa ningoje uamuzi. Siku hizo nilipika nikasahau chumvi. Makadara nilimwamkia Bi Zuhura, akanipita. Na kubwa lililonitafuna: huenda kweli swali langu lilimwonyesha mgeni njia. Mtu akiulizwa mbele ya watu, huelekea jibu la huruma. Nilirudia kikao kile kichwani hata nikashindwa kukumbuka sauti yangu ilivyokuwa.

Katana aliachiliwa kwa kukosa ushahidi. Msajili alisikiliza sauti zilizorekodiwa, akasema sikukosea. Sikutulia bado.

Miezi ilipita, ndipo Bi Zuhura akaja kwangu alasiri moja. Nilimkaribisha kahawa, hakuigusa. Ulimi wa babake, alisema, ulikuwa umeanza kufunguka.

"Baba yuwasema kizunguzungu kilimshika, akajigonga ukutani. Yule kijana ndiye aliyembeba." Akanishika mkono. "Niwie radhi, dada yangu."

Nililia mbele yake, kwa kuwa hatimaye nilijua swali langu halikuipotosha kweli.

Sasa nimestaafu. Juzi wakalimani vijana waliniita niwazungumzie kazi, na binti mmoja akaniuliza kama niliposimama nilikuwa najua jibu litamwokoa Katana. Nilimwambia la. Nilihofia mgeni angesema alimwangusha, nami ningelazimika kumgeukia yule kijana, anitazame mdomoni, nimwambie.

Akaniuliza, je, ningemwambia?

"Ningemwambia, mwanangu. Neno kwa neno."