Kilichogonga Ndani ya Mlango wa Jeep

Siku ile naikumbuka kwa mlio kabla ya kuikumbuka kwa sura za watu. Ilikuwa asubuhi ya jua jeupe hapa Bunia, na jeep ya kaka yangu mkubwa, Yaya Désiré, ilikuwa imesimama uani kwetu, injini imezimwa, ikipakiwa mizigo ya safari. Ndipo mlango wake wa nyuma ukagonga. Uligonga kutoka ndani, polepole, kama anavyobisha mtu asiyetaka kuwaamsha wenye nyumba.

Mwanangu, umeniambia kwenye simu kwamba umenunua jeep iliyokwisha kutumika, kwamba inang'aa kama mpya, na kwamba Jumapili itaombewa. Nimefurahi pamoja nawe. Lakini kabla hujampakia mtu yeyote, nisikilize habari za ile yetu.

Nilikuwa msichana, nimetoka tu kumaliza masomo ya ualimu. Bunduki zilikuwa zimenyamaza, ila zilinyamaza kama mtu anayesikiliza. Watu walikuwa wakirudi mjini, na vitu navyo vikirudi sokoni: mabati, vitanda, cherehani, magari. Sote tulikuwa tumejifunza adabu moja ambayo hakuna aliyetufundisha, nayo ni kutouliza kitu kimetoka wapi. Uliponunua kiti ambacho jina la mwenyewe limekwanguliwa mgongoni, ulikikalia ukanyamaza. Jirani naye alikaa juu ya kiti cha namna hiyohiyo.

Yaya Désiré aliinunua jeep yake kwa mtu wa upande wa Mahagi, mtu wa maneno machache. Rangi ilikuwa mbichi. Aliiosha, akamwita mchungaji, magurudumu yakanyunyiziwa maji, tukaimba. Unajua desturi yetu: gari likishaombewa, watu huliona limekwisha kukaguliwa. Hakuinua hata zulia la sakafuni. Usidhani alikuwa mvivu. Aliogopa, kama tulivyoogopa sote, kwamba chini ya zulia kuna habari ya mtu.

Mlio ulianzia kwenye mashimo ya barabara, na hilo halikumshangaza yeyote. Baadaye tukausikia hata mahali palipo laini. Watoto wa jirani wakaacha kucheza karibu na jeep, na Désiré akawa anaongeza sauti ya redio kila anapoiendesha. Asubuhi ile ilikuwa mara ya kwanza kuusikia gari likiwa limetulia kabisa.

Safari yenyewe ilikuwa ya Mama. Alikimbia kutoka Boga wakati wa vita, usiku wa mvua, bila kuagana na dada yake. Sasa habari zilikuwa zimefika kwamba dada huyo yu hai, mgonjwa, na anamwita. Na barabara ya Boga unaijua, mwanangu. Inashuka kutoka milimani kuelekea bonde la Semliki, na kwenye mteremko ule mrefu uhai wa abiria wote huwa chini ya mguu wa dereva.

Mama alikuwa amekwisha kuketi nyuma, kitambaa kipya kichwani. Mlango ulipogonga, aliweka kiganja juu yake, kwa namna mkunga anavyoweka kiganja juu ya tumbo la mzazi, akangoja. Ukagonga tena, chini ya mkono wake.

"Désiré," alisema, "iko nani humu?"

"Ni vis tu, Mama, skrubu yenye kulegea. Itatulia kwa njia."

"Vis inajua kungojea?"

Fundi Tabu, jirani yetu, ambaye alikuwa anatia upepo kwenye tairi, hakuinua kichwa. "Mama, miye natengeneza moteri. Mambo ya ndani ya mulango, muulize pasta."

"Pasta alishafika. Alikula kuku yangu muzima, na bado inagonga."

Fundi alicheka kidogo. Désiré hakucheka. Alimsogelea Mama, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, vitu kama hii hatuulizake."

Mama akashuka. Alikuwa mwanamke mfupi, na siku ile alionekana mfupi zaidi mbele ya gari lile.

"Fungueni," akasema. "Kama ni mutu, tutamuzika. Kama ni chuma, tutaitengeneza. Lakini miye sitashuka ile mulima na kitu yenye sijue."

Désiré alichukua bisibisi mwenyewe. Alipolitoa bamba la ndani la mlango, harufu ya nguo iliyokaa kabatini ikatoka. Chini kabisa, pale kioo kinapoingia kinapoteremshwa, palikuwa na kifurushi cha kitenge kilichofungwa fundo juu ya fundo. Ndani yake mlikuwa na funguo za nyumba: wa mlango mkubwa, wa jikoni, wa sanduku. Mtu alikuwa ameifunga nyumba yake vizuri, akazificha, akijua atarudi.

Mama alifungua pembe ya kitenge alichokivaa, akatutolea funguo zake mwenyewe za Boga, alizotembea nazo miaka yote ile bila kutuambia. Akaziweka kando ya zile nyingine. Hazikufanana, lakini sote tulielewa.

Baada ya hapo hatukuwa tena na sababu ya kuogopa zulia. Fundi Tabu aliliinua, nasi tukaiona ardhi ya uani kupitia kutu. Akalala chini ya gari. Bomba la breki linalokwenda kwenye magurudumu ya nyuma lilikuwa limekatika zamani, likaungwa kwa kipande cha mpira na waya, na mafuta yalikuwa yakivuja taratibu. Alilishika kwa vidole tu, likamfuata mkononi. Gia ya kuvutisha magurudumu yote nayo ilikuwa kijiti kitupu: huko chini, shafti ya kupeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele ilikuwa imeng'olewa.

"Hii ingetuacha katikati ya mulima," Fundi alisema, na hakumtazama yeyote.

Matengenezo yalichukua siku kadhaa, na Mama alizingoja kwa uchungu. Alipofika Boga alimkuta dada yake bado anapumua, wakaagana jinsi watu wanavyopaswa kuagana.

Jambo moja sijalielewa hadi leo. Kile kifurushi kilikuwa kimekazwa sana. Nilikitikisa sikioni kabla hakijafunguliwa, hakikutoa hata mlio. Tena kilikuwa kimeganda kwenye grisi kuukuu, hata Désiré alikibandua kwa nguvu. Ndani ya mlango hatukukuta vis iliyolegea. Lakini tulipolirudisha bamba mahali pake, jeep ile haikugonga tena, hadi siku ilipouzwa.

Basi, mwanangu, iombee jeep yako, lakini uifungue kwanza. Inua mazulia. Lala chini yake uyafuate mabomba ya breki kwa vidole vyako, toka mwanzo hadi kwenye kila gurudumu. Tazama mafuta ya injini, ya gia na ya mihimili yote miwili. Tia gia ya magurudumu yote ukiwa kwenye matope ya karibu na nyumbani, usingoje mlima ndio ukupe jibu. Linganisha namba iliyochongwa kwenye chuma na ile ya karatasi. Na mlio wowote usioujua, usiufunike kwa redio. Ukikuta ndani kitu cha mtu, muulize aliyekuuzia, hata kama mtaa mzima utakutazama vibaya. Zile funguo tulizozikuta mlangoni Mama alizitundika kwenye ukuta wa barazani, mahali mpita njia anapoweza kuziona. Leo zinaning'inia kwangu. Bado nazipangusa vumbi.

Mungu akushike mkono kwenye kila mteremko. Breki zako zikutii, abiria wako wawakute wenyeji wao wakiwa hai, na mlango wako usigongwe ila na mgeni anayerudi kwao.