Figa la Tatu

Farasi wetu alikula ukuta. Sifanyi mzaha. Aliilamba chokaa yote ya ukuta wa jikoni pale nyumbani Mjambere, kisha akaanza kuyaguguna matofali yenyewe. Daktari wa mifugo akamwambia Baba kwamba mnyama amepungukiwa na madini mwilini, basi Baba akamnunulia jiwe la chumvi ya mifugo, la rangi ya udongo, zito kama mtoto aliyelala. Farasi akalipenda kuliko alivyotupenda sisi. Ukuta ukapona, ila Mama hakusahau.

Asubuhi ya harusi ya kaka yangu, ambaye angekwenda msikitini juu ya farasi huyo, Mama alitoa hukumu.

"Wallahi, akinitia haya leo mbele ya wakwe, kesho namuuza."

Mimi ndiye niliyekuwa nikimchana manyoya kila jioni, na nilimpenda mno.

Kaka akapandishwa na joho lake, matari yakaanza kulia. Kabla hatujafika hata langoni, farasi akainua pua, akanusa, akageuka na bwana harusi wake hadi uani, kwenye sufuria la biriani. Akasimama pale akagoma. Baba akavuta hatamu, wajomba wakasukuma, kaka akaikumbatia shingo huku kilemba kimemshukia puani.

Nikachungulia chini ya sufuria. Figa moja lilikuwa limepasuka alfajiri, na wapishi wakachukua jiwe la kwanza waliloliona bandani. Biriani ya mtaa mzima ilikuwa imekalia chakula cha farasi, nacho kinaalika motoni pa! pa! pa!

Nilicheka hadi nikakaa chini. Mpishi akajitetea kwamba jiwe ni jiwe tu. Kisha nikamwona Mama amebana midomo, kicheko kikanikauka.

Aliinama na dhahabu zake zote, akaokota kipande kilichorukia mchangani, akakipoza kwa kukipuliza. Akakishika kwa ncha ya leso, akatembea kinyumenyume mpaka karibu na msikiti, farasi akimfuata na kulamba, wanawake wakipiga vigelegele huku wameshika mbavu. Mama naye alikuwa akicheka, machozi yamemharibia wanja.

Wageni walipoondoka, nilimsikia akimwuliza Baba mawe yale huuzwa wapi.

"Nunua mawili," alisema. "Moja nitaliweka mimi, chumbani kwangu."