Kidani cha Tai

Mimi hukusanya sarafu za zamani za dhahabu za Marekani, ugonjwa usiomfaa mtu anayelipwa kurekebisha kompyuta za ofisi. Ninazo tatu, kila moja ndani ya kasha lake la plastiki, na simruhusu mtu azishike. Wahenga walisema kizuri hakikosi ila. Sisi wakusanyaji hatukubali: mkwaruzo mmoja tu, bei inaporomoka.

Ijumaa moja jirani yetu katika mtaa huu wa Fereej Bin Mahmoud, huku ughaibuni, mwanamke wa Kizanzibari anayefanya kazi hotelini, alibisha hodi. Mke wangu akamkaribisha. Alivua mkufu, akaniwekea mezani kidani cha sarafu ya dhahabu alichoachiwa na bibi yake. Nyumbani kwao walikiita pauni, ingawa tai aliyekuwa juu yake alikuwa wa Marekani.

"Kaka zangu wameona mtandaoni kama hii inauzwa bei ya nyumba," alisema. "Wanataka niiuze huku huku, tugawane. Nimewaambia nitafuata atakalosema mjuzi. Haya, kaka, sema."

Aliketi pembeni mwa kiti, mkono wake ukirudi kila mara shingoni pasipokuwa na kitu.

Nilichukua kioo cha kukuzia. Moyo ulinidunda, maana mwaka uliochongwa pale ni adimu, wa kutafutwa na wakusanyaji. Kisha nikaigeuza. Sonara fulani alikuwa amechomelea kipete juu na kuupiga tupa ukingo. Uso wote ulikuwa umelainika kwa kusuguliwa majivu na ukwaju kila Idi, mwenyewe alinieleza kwa fahari. Tai hakubakiwa na unyoya hata mmoja. Nilikasirika, kweli nilikasirika, kana kwamba bibi wa watu alikuwa amenikosea mimi.

"Imeharibiwa," nilisema bila kupamba. "Hakuna mkusanyaji atakayeitaka. Itauzwa kwa uzani kama dhahabu yoyote, na mkigawana, kila mmoja ataambulia kidogo tu."

Nilitarajia machozi.

"Imeharibika kabisa?"

"Kabisa."

Alinisogezea simu yake karibu na mdomo, kidole kikiwa tayari kwenye kitufe cha kurekodi. "Hebu irejee hiyo, kaka. Polepole, wasikie vizuri."

Nikaishika simu, nikarudia maneno yangu kwa sauti ya kitaalamu, nikitaja kipete, tupa na ukwaju. Nilipofika kwenye majivu, alikuwa ameshakichukua kidani na kuufunga mkufu shingoni, huku ameziba mdomo kwa mtandio ili kaka zake wasimsikie anacheka.