Jicho Ni Tone Moja

Msichana wa katuni ninayemchora amemzidi mama yangu umri, na bado ana miaka kumi na mitano. Alianza kama dada wa shujaa, akisimama pembeni mwa picha katika gazeti la hapa Brussels, hana hata neno la kusema. Wasomaji wakampenda. Kaka yake akafutwa, gazeti likafa, yeye akahamia kwenye vitabu. Mchoraji wake wa kwanza alipoanza kutetemeka mkono, msaidizi alimmalizia kurasa kimyakimya. Msaidizi naye akazeeka, akaja mwingine. Hakuna msomaji aliyegundua.

Nilijifunza kuchora kwa kunakili vitabu hivyo, vikuukuu vya soko la Jumapili karibu na kituo cha treni cha Gare du Midi. Sikufundishwa na mtu. Nilikuwa nachana ukurasa mzima kwa sababu ya kidole kimoja kilichopinda, na hadi leo nachana.

Mwaka huu studio iliyomrithi msichana huyo ilinipa ukurasa wa majaribio. Mzee anayeisimamia alinipa sharti moja.

"Jicho ni tone moja la wino, basi. Mkono wako nisiuone."

"Ukiuona?"

"Utarudi nyumbani."

Niliitaka kazi ile kuliko kitu chochote. Nilidondosha matone hadi kidole kikavimba.

Wiki hiyohiyo mama mdogo, aliyenilea kabla hatujaja huku, akafariki Lubumbashi. Hakupenda kupigwa picha; zilizokuwepo zilikuwa za mbali, uso mdogo kama punje. Mama akaniomba nimchore, tuiweke picha mezani siku ya matanga, kwetu mtaa wa Saint-Josse, hapa Brussels. Nikachora kwa kumbukumbu. Kitambaa cha kichwa kilikuwa chake, na kovu la kidevuni pia. Nilipofika machoni, brashi ilishuka yenyewe. Tone. Tone.

Nikachana, nikaanza upya. Kila mara alinitazama yuleyule msichana wa katuni.

Jumamosi watu wakajaa sebuleni. Tonton mmoja, rafiki wa familia, aliinama mbele ya picha, soda mkononi.

"Bon, maman, dada yako alikuwaka mu bande dessinée, mu katuni?"

Wawili watatu wakacheka, kisha wakatazama sakafu. Mama aliniangalia mimi.

"Ule ni nani, ma fille?"

"Ni mama mdogo."

"Hapana. Ule wa mu picha hajalia ata siku moja."

Akaigeuza picha ikaelekea ukutani. Watu wakaendelea kuimba mbele ya kadibodi tupu ya nyuma yake.

Jumatatu mzee wa studio alinipigia simu. Alikuwa ameuchanganya ukurasa wangu na kurasa za zamani, akashindwa kuutambua. Mkataba uko tayari, alisema, na kabla hajamaliza nilishajibu ndiyo.

Kisha nikafumba macho nimtafute mama mdogo, jinsi alivyokuwa akiniangalia nikiwa na homa. Kilichokuja ni karatasi nyeupe na matone mawili ya wino, bado hayajakauka.