Mkwe Mpole wa Handeni

Kabla ya Idi ya mwaka jana, ungemtaja Rehani kijijini kwake, nje kidogo ya mji wa Handeni, watu wote wangekuambia huyo ni mpole. Wakigombania mpaka wa shamba, ataitwa Rehani. Mbuzi wa huyu akila ufuta wa yule, ataitwa Rehani, naye atawasikiliza wote wawili huku akichorachora chini kwa kijiti, kisha atasema maneno machache ya taratibu na watu watatawanyika. Sauti yake haikuwahi kumkurupusha hata kuku.

Hayo ni ya nje. Ndani ya nyumba alikuwa mtu mwingine, na aliyemjua mtu huyo ni mkewe Maryamu peke yake. Chumvi ikizidi, tusi. Maji ya kuoga yakichelewa, tusi, tena si la mjinga wala mpumbavu, bali yale ya nguoni, yanayomvua nguo mama aliyekuzaa. Maryamu alivumilia miaka, akachoka, akafungasha na kurudi kwao Manundu, Korogwe. Alipoeleza sababu, hakuna aliyemsadiki. Mama yake, Bi Mashavu, alimcheka kabisa.

"Rehani? Rehani huyu anayenisalimia akitazama chini? Sema umechoka jembe, mwanangu."

Ramadhani ikapita. Mzee Hashim, mshenga aliyewaunganisha, akapanga mambo kama wapangavyo washenga: Rehani aje Idi pili, ashinde na wakwe zake, watembee mjini, watazame mpira, na jioni amchukue mkewe warudi Handeni. Rehani akavaa kanzu mpya, akapanda gari la alfajiri. Njia nzima alijiambia jambo moja, kwamba leo auchunge mdomo wake mpaka jua lizame. Alimpenda mkewe, hilo nalo tuliseme, maana ni kweli, ingawa halimsaidii kitu.

Alipofika, yeye na wakwe zake wakatembea kwa miguu hadi mtaa wa Old Korogwe kuutazama mto. Mvua zilikuwa zimenyesha milimani na Pangani ulipita umejaa, rangi ya chai ya maziwa. Darajani vijana walikuwa wakipigana picha, na watoto wa Idi wakizunguka na miwani ya plastiki na midomo myekundu kwa ubuyu. Kwa heshima ya ukwe Rehani alitangulia na Mzee Hashim, huku Bi Mashavu akifuata nyuma na binti yake, kwani kwao mtu na mama mkwe wake hawaendi bega kwa bega, wala hawali sahani moja.

Mzee Hashim hakuacha mtu apite bila kumwonyesha mzigo wake. "Huyu ndiye mkwe wetu wa Handeni. Tangu nimjue, sijasikia sauti yake ikipanda!"

Watu walimpa mkono wakamsifu, na mmoja akawageukia wanawe akawaambia wamtazame mtu mwenye adabu. Rehani alitabasamu, akainamisha kichwa. Wote walidhani ni unyenyekevu. Ilikuwa aibu, na kila sifa ilimchoma, kwa sababu hatua chache nyuma yake alikuwapo mtu anayeujua ukweli.

Walipofika stesheni kuziangalia reli, jua lilikuwa kali. Bi Mashavu akanunua soda, akamwambia binti yake ampelekee mumewe. Maryamu akaileta.

"Ahsante, Maryamu," Rehani alisema. "Pole na jua."

Maryamu alimtazama kama anayetazama nguo yake mwilini mwa mtu mwingine. "Kumbe unaweza," alisema polepole, akarudi kwa mama yake.

Alasiri wakaenda kiwanjani. Vijana wa Handeni walikuwa wameletwa na lori la Fuso kucheza na vijana wa Manundu, na mshindi angeondoka na mbuzi. Familia nzima ilikuwa na sababu ya kwenda: mwamuzi alikuwa Muhsin, kaka yake Maryamu. Bi Mashavu alipewa nafasi nzuri, akakaa amejifunga kanga mpya, akimwonyesha kila jirani mwanawe kule katikati na filimbi yake. Rehani alikaa benchi la mbele.

Kwa muda mrefu alijizuia. Manundu walipofunga, aliuma meno. Handeni waliponyimwa penalti, aliyashika magoti yake kwa mikono miwili. Kisha, mpira ukikaribia kwisha, kijana wa Handeni akaruka juu ya wenzake na kuutia wavuni kwa kichwa. Rehani alikuwa ameshasimama, mikono juu, wakati filimbi ya Muhsin ilipolia. Mfungaji alikuwa ameotea. Goli hakuna.

Rehani akafungua mdomo, na mdomo ukatoa ulichokizoea. Alimtukana mwamuzi kwa mama yake. Maneno yenyewe hayataandikwa hapa, lakini yalisikika hadi upande wa pili wa kiwanja.

"Oyaa!" kijana mmoja alipiga kelele. "Mama yake refa si ndiye mkwewe huyu?"

Wengine wakacheka, kisha kicheko kikakatika, maana watu walikuwa wamemgeukia Bi Mashavu. Rehani hakugeuka.

Bi Mashavu hakulia wala hakufoka. Alijitanda kanga yake vizuri, akamtazama binti yake. Kila mtu pale alikuwa ameshtuka. Maryamu peke yake hakushtuka.

"Ndiyo haya?" mama aliuliza.

"Ndiyo hayo, mama."

"Haya haya?"

"Haya haya. Kila siku."

Bi Mashavu akamshika mkono. "Nisamehe, mwanangu. Uliniambia, nikakucheka."

Rehani aliyasikia yote hayo. Hapo Mzee Hashim akawa amefika anahema, mikono mbele, kama mtu anayezima moto.

"Bi Mashavu, huu ni mpira! Mpira unampandisha mtu mashetani, hata mimi nimewahi kutukana. Kijana ataleta mbuzi wa kuomba radhi, tutakaa, yataisha. Sema, Rehani mwanangu. Waambie ni mpira."

Watu wakatikisa vichwa kukubali. Hata Bi Mashavu aliinua macho, na machoni mwake mlikuwa na ombi, kwamba aambiwe ni mpira, arudishiwe mkwe wake wa asubuhi. Neno moja tu, na jioni ile Rehani angerudi na mkewe. Akamtazama Maryamu. Maryamu alikuwa ameinamia miguu yake, ametulia, kama mtu anayejua kwamba sasa hivi hatasadikiwa tena.

Rehani alisema kwa sauti ile ile ya taratibu ambayo watu wote waliipenda.

"Si mpira, mzee. Nyumbani kwangu hakuna mpira."